Mlio wa "tak" kila baada ya sekunde 67: mapigo ya I2S kwenye STM32F407

Mshika_Waya aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa.

Ninajenga kifaa kidogo kinachopokea sauti kutoka kwenye kompyuta kwa njia ya USB na kuipeleka kwenye DAC (chipu inayogeuza namba kuwa umeme wa sauti) kwa njia ya I2S (nyaya za kupitishia sauti ya kidijitali kati ya chipu na chipu). Maikrokontrola ni STM32F407 na fuwele yake, inayotoa mapigo ya saa, ni ya MHz 8. DAC niliyo nayo inadai waya nne: data, mapigo ya biti (BCLK), mapigo ya kutenganisha kushoto na kulia (LRCLK), na mapigo makuu (MCLK) ambayo sharti yawe mara 256 ya kiwango cha sampuli. Kwa kuwa ninataka kHz 48, MCLK inapaswa kuwa MHz 12.288.

Sauti inatoka, tena ni safi, isipokuwa kwa kasoro moja. Husikika mlio mfupi wa "tak", kisha muziki unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeupima muda kati ya mlio mmoja na mwingine kwa saa ya mkononi mara nyingi, na kila mara ninapata sekunde 67 au karibu na hapo. Jambo linalotukia kwa utaratibu namna hiyo haliwezi kuwa waya uliolegea.

Bafa yangu (akiba ya muda ya sampuli) ni ya mviringo na ina nafasi ya fremu 1024, yaani sampuli ya kushoto na ya kulia zikihesabiwa kuwa fremu moja. USB inaandika, DMA (sehemu inayohamisha data bila kuitumia prosesa) inasoma, na uchezaji huanza bafa inapofika nusu. Nimeweka kihesabio, nacho kinaonyesha kwamba kila mlio unasikika wakati bafa imejaa hadi pomoni na programu inalazimika kuirudisha kwenye nusu kwa kutupa fremu 512. Nilipoiongeza bafa ikawa ya fremu 2048, mlio ulianza kuja kila baada ya sekunde 134 hivi. Kwa hiyo kuongeza bafa kunaahirisha tu.

Mipangilio yangu ya PLL (saketi inayogawanya mapigo ya fuwele kwa M, kuyazidisha kwa N, kisha kuyagawanya kwa P, Q au R) ni hii: PLLM ni 8, PLLN ni 336, PLLP ni 2 na PLLQ ni 7, ambayo inanipa MHz 168 za mfumo na MHz 48 za USB. Upande wa sauti, wenye PLL yake iitwayo PLLI2S, PLLI2SN ni 258, PLLI2SR ni 3, I2SDIV ni 3 na ODD ni 1. Tarakimu hizi nimezitoa kwenye jedwali la mwongozo wa mtengenezaji, ambalo linaonyesha kosa lisilofika asilimia 0.02. Je, kosa dogo kiasi hicho linaweza kuwa ndilo chanzo? Na kama ndilo, je, kuna tarakimu bora kuliko hizo bila kubadilisha fuwele, maana bodi imekwisha kuchomewa lehemu?

Nusu_Volti alijibu:

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha mambo mawili. Kwanza, angalia thamani ya HSE_VALUE (masafa ya fuwele ambayo maktaba inayachukulia) kwenye faili la mipangilio ya maktaba. Mara nyingi huja ikiwa 25000000, na mtu mwenye fuwele ya MHz 8 akiisahau, hesabu zote za vigawanyi zinazofanywa na maktaba zinapotoka. Pili, hakikisha kwamba PLL inalishwa na fuwele na si na osileta ya ndani ya MHz 16, kwa sababu ile ya ndani ni saketi ya RC ambayo usahihi wake ni wa asilimia 1 hivi hata kwenye joto la kawaida, na kwa sauti kosa hilo ni kubwa mno.

Kuhusu asilimia 0.02, binafsi sidhani. Hakuna sikio linaloweza kuitambua. Mimi ningetazama vipaumbele vya katizo (ishara zinazoisimamisha prosesa ili ishughulikie jambo la haraka), hasa kama katizo la USB linazuiwa na jambo jingine linalojirudia.

Fundi_Mapigo alijibu:

Ndugu Nusu_Volti yuko sahihi kwamba sikio haliwezi kulitambua kosa hilo kama badiliko la sauti. Kosa hilo la jedwali, ambalo kwa usahihi zaidi ni sehemu 186 kwa milioni, linashusha noti kwa kiasi cha theluthi moja ya sehemu ya mia ya nusutoni, ilhali asilimia 1 ya osileta ya ndani ingeishusha au kuipandisha kwa sehemu 17 za mia. HSE_VALUE nayo naiondoa kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu kuchanganya 25 na 8 kungeharibu kasi ya muziki mara tatu na zaidi, si kuleta mlio wa mara moja moja. Lakini sikio silo linalolalamika hapa. Inayolalamika ni bafa, na bafa haina uvumilivu wa sikio: inahesabu kila fremu iliyoingia na kila fremu iliyotoka, na tofauti yoyote inaiweka akiba mpaka ijae.

Tufanye hesabu. MCLK inapokuwa imewashwa, kiwango cha sampuli kwenye F407 ni masafa yanayotoka PLLI2S yakigawanywa kwa 256, kisha yakigawanywa kwa D, ambapo D ni I2SDIV mara mbili kuongeza ODD. Fuwele yako ya MHz 8 inagawanywa kwa 8, inabaki MHz 1. Inazidishwa kwa 258, inakuwa MHz 258. Inagawanywa kwa 3, inabaki MHz 86. D yako ni 7. Kwa hiyo 86,000,000 ikigawanywa kwa 1,792 inatoa 47,991.07. Kompyuta inakuletea fremu 48 katika kila milisekunde, yaani 48,000 kwa sekunde, nawe unatumia 47,991.07. Kila sekunde fremu 8.93 zinabaki bila mlaji. Nafasi iliyo wazi ni 512, na 512 ikigawanywa kwa 8.93 ni sekunde 57.

Wewe umepima 67, si 57, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu nayo ina habari yake. Fremu 512 kwa sekunde 67 ni fremu 7.64 kwa sekunde, sawa na sehemu 159 kwa milioni. Kati ya 186 za nadharia na 159 za kipimo chako zimepotea 27, na hizo ni tofauti kati ya fuwele ya kifaa chako na fuwele ya kompyuta yako. Fuwele yako inakimbia kidogo kuliko ya kompyuta, nayo kwa bahati inafidia sehemu ndogo ya kosa la PLL. Tofauti ya sehemu 27 kwa milioni kati ya fuwele mbili za kawaida si ajabu hata kidogo.

Sasa tarakimu bora. Watu wengi huchukulia kwamba PLLM sharti iwe sawa na MHz za fuwele, ili kiingilio cha PLL kiwe MHz 1 kamili na hesabu ziwe nyepesi kichwani. Hakuna sharti hilo. Kinachotakiwa ni kwamba kiingilio kiwe kati ya MHz 1 na MHz 2, na mtengenezaji mwenyewe anapendekeza kukaribia MHz 2 ili kupunguza mtikisiko wa mapigo. Ukibaki na MHz 1, tatizo ni kwamba unatafuta namba kamili N iliyo sawa na 12.288 mara R mara D, na ndani ya mipaka inayoruhusiwa (N isiyozidi 432, R kati ya 2 na 7) hakuna inayolingana kabisa. Iliyo karibu zaidi ni ile ile ya jedwali. Jedwali halikukosea, limefanya lililowezekana kwa MHz 1.

Weka PLLM iwe 5. Kiingilio kinakuwa MHz 1.6. Kisha:

PLLI2SN = 192, na masafa ya ndani ya PLL yanakuwa MHz 307.2;
PLLI2SR = 5, na kinachotoka ni MHz 61.44;
I2SDIV = 2 na ODD = 1, kwa hiyo D ni 5.

MHz 61.44 ikigawanywa kwa 5 ni MHz 12.288, na hiyo ikigawanywa kwa 256 ni 48,000 bila hata sehemu ya desimali. I2SDIV ya 2 ndiyo ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa, kwa hiyo usijaribu kushuka zaidi ya hapo.

Kwenye F405 na F407 kigawanyi M kinatumiwa kwa pamoja na PLL kuu na PLLI2S, kwa hiyo huwezi kukigusa kwa ajili ya sauti bila kuigusa saa ya mfumo mzima. Kwa bahati nzuri MHz 1.6 inakubali: PLLN ikiwa 210 unapata MHz 336, ambayo kwa PLLP ya 2 inakupa MHz 168 na kwa PLLQ ya 7 inakupa MHz 48 za USB, zote kamili. Hupotezi chochote. Kumbuka tu kwamba M haibadilishwi PLL ikiwa imewashwa. Kama kipakiaji chako cha kuanzia kimekwisha kuiwasha, sharti mfumo urudi kwanza kwenye osileta ya ndani, PLL zote mbili zizimwe, ndipo rejista iandikwe. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikisoma rejista ambayo ilikuwa imekataa kimya kimya kupokea thamani mpya, na sababu ilikuwa hiyo.

Nakuonya pia kuhusu maktaba. Kazi inayoanzisha I2S inasoma masafa ya PLL, inagawanya, inakadiria kwenye namba kamili iliyo karibu na kuandika I2SDIV na ODD bila kukuambia imekosea kwa kiasi gani. Ukiiomba 48,000 itajibu kwamba mambo ni sawa hata kama kinachotoka ni 47,600, mradi kigawanyi kisitoke nje ya mipaka yake. Soma rejista ya I2SPR, inayohifadhi I2SDIV na ODD, mwenyewe baada ya kuanzisha, na kama una kihesabu masafa, pima MCLK kwenye pini.

Mwisho, utabiri, ili tujue kama nimekosea. Ukifanya badiliko hili, mlio hautakoma. Kitakachobaki ni zile sehemu 27 za fuwele, na sasa zitakuwa upande wa pili: kifaa chako kitakula haraka kuliko kompyuta inavyoleta, kwa fremu 1.3 hivi kila sekunde, na badala ya kujaa, bafa ya fremu 1024 itakauka kila baada ya dakika sita na nusu.

Mshika_Waya alijibu:

Nimeshangaa. Nimeweka tarakimu zote kama ulivyoandika, nikairudisha bafa kwenye fremu 1024, nikaacha muziki ucheze nikiwa na saa mkononi. Mlio wa kwanza ulikuja baada ya dakika 6 na sekunde 36, wa pili baada ya dakika 6 na sekunde 41, na kihesabio cha kujaa kilibaki sifuri ilhali kile cha kukauka kikapanda. Rejista ya I2SPR inasoma I2SDIV ya 2 na ODD ya 1. Ni kama ulivyosema, hata upande wa kosa.

Sasa ninabaki na swali ambalo nadhani ndilo lenye uzito. Ikiwa tarakimu ni kamili na bado fuwele mbili hazilingani, je, dawa ni kununua fuwele iliyo sahihi zaidi?

Kaka_Osileta alijibu:

Fuwele sahihi zaidi haitasaidia, kwa sababu huwezi kununua na ya kompyuta. Hata ukiwa na osileta ya sehemu 1 kwa milioni kwenye bodi yako, upande wa pili unabaki kama ulivyo.

Lakini kabla hamjaendelea, niruhusuni niulize jambo ambalo halijaulizwa: je, DAC hiyo inaihitaji MCLK kweli? Kiwango cha I2S ambacho Philips ilikitoa mwaka 1986 kina waya tatu tu, na MCLK si mojawapo. Waya ya nne inatokana na mahitaji ya DAC zenyewe, ambazo vichujio vyake vya ndani vinataka mapigo ya haraka, na zipo DAC zinazojitengenezea mapigo hayo kutokana na BCLK. PCM5102A, kwa mfano, ukiunganisha pini yake ya SCK na ardhi, inawasha PLL yake ya ndani na kuridhika na waya tatu.

Ninauliza kwa sababu MCLK ikizimwa, hesabu inalegea. Kigawanyi cha 256 kinaondoka na mahali pake panakuja 64, ikiwa kila chaneli ina biti 32, na D inaweza kuwa kubwa zaidi, kwa hiyo chaguo zinaongezeka. Hata kwa PLLM ya 8 uliyokuwa nayo mwanzoni, PLLI2SN ya 384 na PLLI2SR ya 5 zinatoa MHz 76.8, na D ya 25 (I2SDIV 12, ODD 1) inakupa 48,000 kamili. Hii imo kwenye jedwali lile lile, mistari michache tu kutoka ile uliyoichukua.

Kwa wanaobuni bodi mpya, mimi hupendelea njia nyingine kabisa: osileta ya sauti iliyo peke yake, MHz 12.288 kwa jamaa ya kHz 48 au MHz 11.2896 kwa jamaa ya kHz 44.1, ikilisha DAC moja kwa moja na wakati huo huo ikiingia kwenye maikrokontrola kupitia pini ya I2S_CKIN. DAC inapata mapigo ambayo hayakupita kwenye PLL yoyote. Hapo pana mtego mmoja ambao umenasa wengi. Mtu anaweka osileta ya MHz 24.576, anaacha MCLK ya maikrokontrola ikiwa imewashwa, kisha anashangaa kwa nini hapati zaidi ya kHz 24. Sababu ni kwamba D haiwezi kuwa chini ya 4, na 24,576,000 ikigawanywa kwa 256 na kwa 4 ni 24,000. Zima MCLK ya maikrokontrola, iache osileta yenyewe iwe MCLK ya DAC, kisha weka D iwe 8 kwa MHz 24.576 au 4 kwa MHz 12.288, nawe utapata kHz 48 kwa biti 32 kila chaneli.

Nusu_Volti alijibu:

Nakubali kwamba nilikosea kuhusu katizo. Ila naona tunazungumza kana kwamba F407 ndiyo maikrokontrola pekee. Kwenye RP2040, maikrokontrola nyingine, watu hutengeneza I2S kwa PIO (saketi zake ndogo zinazoweza kupangwa) na kigawanyi chenye sehemu za desimali, na kwa wastani wanapata 48,000 au karibu sana. Kwa nini tusumbuke na namba kamili?

Fundi_Mapigo alijibu:

Nianze na RP2040, kwa kifupi. Kigawanyi chenye desimali hakigawanyi pigo. Kinabadilishana kati ya namba mbili kamili, mara 20, mara 21, ili wastani utoke sawa. Mfumo ukiwa kwenye MHz 125, kila mruko ni nanosekunde 8 za mtikisiko kwenye BCLK. Kwa DAC inayotengeneza mapigo yake kutokana na BCLK, PLL yake hulainisha sehemu ya mtikisiko huo, lakini si jambo la kujitakia. Ukiiendesha chipu hiyo kwenye MHz 153.6 (fuwele ya MHz 12 mara 128, kisha kugawanya kwa 5 na kwa 2), na PIO ikitumia hatua mbili kwa kila biti, kigawanyi kinakuwa 25 kamili na mtikisiko huo unaondoka. Kwa upande wa wastani wa muda mrefu, njia zote mbili zinafanana. Kwa hiyo usahihi wa wastani na utulivu wa pigo moja moja ni mambo mawili tofauti: la kwanza ndilo lililokuwa likiijaza bafa ya ndugu Mshika_Waya, la pili linaonekana kama kelele kwenye sauti yenyewe.

Sasa swali lenye uzito. Kompyuta na kifaa ni saa mbili, na saa mbili hazikubaliani kamwe. Zipo njia tatu za kuishi na hali hiyo. Ya kwanza ni kifaa kuifuata kompyuta, yaani kuisogeza PLL polepole mpaka ilingane na mwendo wa USB. Kwenye F407 njia hii ni ngumu, kwa sababu PLLI2S haina sehemu za desimali na haibadilishwi ikiwa inafanya kazi; familia ya STM32H7 ina sehemu hizo na zinaweza kuandikwa PLL ikiendelea. Ya pili ni kuzibadilisha sampuli zenyewe kwa hesabu, kuongeza au kupunguza kidogo kidogo kwa kichujio, jambo linalowezekana lakini linakula muda wa prosesa. Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: kifaa kishike saa, na kiiambie kompyuta kinakula fremu ngapi, kompyuta nayo ilete kiasi hicho.

USB ina mlango wa kazi hiyo hiyo. Kwenye maelezo ya kifaa, endipointi (njia moja ya kupitishia data ndani ya USB) ya data inatangazwa kuwa isiyofungamana na saa ya kompyuta (baiti ya sifa zake, bmAttributes, inakuwa 0x05 badala ya 0x0D au 0x09), na inaongezwa endipointi ya pili, ya mrejesho, inayoelekea kwenye kompyuta, yenye bmAttributes ya 0x11. Kupitia hiyo unatuma baiti tatu: idadi ya fremu unazotumia kwa milisekunde moja, ikiandikwa kwa biti 10 za namba kamili na biti 14 za desimali. Fremu 48 kamili ni 48 mara 16,384, yaani 786,432, au 0x0C0000.

Utaijuaje idadi hiyo? Wengi hutazama ujazo wa bafa na kukisia kutokana nao. Inafanya kazi, lakini F407 ina njia nzuri zaidi. Kipima muda TIM2 kina biti 32, kinaweza kuhesabu mapigo ya nje kupitia pini yake ya ETR, na kiingilio chake cha ITR1 kinaweza kuunganishwa ndani kwa ndani na alama ya mwanzo wa fremu ya USB, ile inayokuja kila milisekunde. Unavuta waya mfupi kutoka kwenye pini ya MCLK hadi kwenye ETR, unaiambia TIM2 ishike hesabu kila alama inapofika, na tayari unayo idadi ya mapigo ya MCLK kwa milisekunde ya kompyuta. Usiwe na wasiwasi kuhusu kasi: ETR inaruhusu hadi robo ya masafa ya kipima muda, na robo ya MHz 84 ni MHz 21.

Kinachonifurahisha zaidi ni namna hesabu inavyojipanga yenyewe. Kwa kHz 48, milisekunde moja ina mapigo 12,288 ya MCLK. Milisekunde 64 zina mapigo 786,432. Ndiyo namba ile ile. Kwa hiyo unatoa hesabu ya sasa na ile ya milisekunde 64 zilizopita, na tofauti yake unaituma kama ilivyo, bila kuzidisha wala kugawanya chochote. Aliyezima MCLK, kama alivyoshauri ndugu Kaka_Osileta, ahesabu BCLK ya MHz 3.072 na angoje milisekunde 256 badala ya 64.

Jambo moja litakuponyoka usipoangalia. Ukubwa wa juu wa pakiti yako bila shaka ni baiti 192, yaani fremu 48 za biti 16 kwa chaneli mbili. Kwa kuwa kifaa chako kinakimbia kidogo, kompyuta italazimika mara moja moja kuleta fremu 49, kwa hesabu yangu mara moja kila milisekunde 770 hivi. Pakiti hiyo ni ya baiti 196. Usipoipanua, kompyuta haitakuwa na njia ya kukutimizia unachoomba, na utarudi kwenye mlio wa kila dakika sita na nusu ukidhani mrejesho haufanyi kazi.

Mshika_Waya alijibu:

Samahani kwa kuchelewa. Kuunganisha pini ya MCLK na ETR kulinidai subira na miwani. Nilitumia PC7 kwa MCLK na PA15 kwa ETR, kwa sababu PA0 na PA5 zilikuwa na kazi nyingine. Mwanzoni nilisahau kabisa onyo la baiti 196, na ikatokea hasa kama ulivyosema, mpaka nikarudi kusoma ujumbe wako upya.

Hesabu ya TIM2 kwa milisekunde 64 inacheza kati ya 786,452 na 786,454. Nimegawanya 786,453 kwa 786,432 na nimepata ziada ya sehemu 26.7 kwa milioni. Kwa udadisi nilirudisha tarakimu za zamani za PLL huku mrejesho ukiwa umewashwa: hesabu ikashuka hadi 786,307, kompyuta ikapunguza mwendo wake bila kunung'unika, na hakuna mlio. Kwa hiyo mrejesho peke yake ungetosha, lakini nimebaki na zile mpya kwa sababu ya MHz 1.6 na mtikisiko.

Kifaa kimecheza usiku kucha. Vihesabio vyote viwili vinasoma sifuri, na ujazo wa bafa unabaki kati ya fremu 505 na 519. Swali dogo lililobaki: kwa kHz 44.1, je, PLLM ya 5 inafaa?

Fundi_Mapigo alijibu:

Inafaa, ingawa si kamili. PLLI2SN ya 254, PLLI2SR ya 6, I2SDIV ya 3 na ODD ya 0 zinakupa 44,097.22, yaani pungufu kwa sehemu 63 kwa milioni, na mrejesho utaimaliza tofauti hiyo kama ulivyoona. Wakati wa kubadilisha kutoka kiwango kimoja hadi kingine, zima I2S kwanza, kisha PLLI2S, andika tarakimu mpya, washa PLLI2S na ungoje PLLI2SRDY (alama kwamba PLLI2S iko tayari) kabla ya kuiwasha I2S. Na kwa sekunde ya kwanza tuma thamani ya nadharia ya kHz 44.1, yaani 722,534, kwa sababu milisekunde 64 za mwanzo TIM2 itakuwa bado inabeba mapigo ya kiwango cha zamani.